Nani Atakudhamini Ukiwa Mbali?

Mnamo Januari 1871 Henry Morton Stanley aliteremka Zanzibar akiwa na kazi mkononi na mfuko karibu mtupu. Gazeti la New York Herald lilikuwa limemtuma amtafute David Livingstone, na mwenye gazeti, James Gordon Bennett, alikuwa ameahidi kubeba gharama. Stanley alitarajia kukuta fedha zikimsubiri kisiwani. Hakuzikuta. Mbele yake kulikuwa na safari ya zaidi ya kilomita 1,000 hadi Ujiji, na msafara wa bara haukuweza kuondoka bila marobota ya vitambaa, shanga na waya wa shaba, kwa kuwa hizo ndizo zilikuwa fedha za njiani.

Aliyemtoa pale alipokwama ni Francis Webb, balozi mdogo wa Marekani. Webb alikuwa pia wakala wa kampuni ya biashara ya Salem, Massachusetts, na wenye maduka wa Zanzibar walimfahamu vizuri. Alisimama mbele, Stanley akakopeshwa, na deni likaandikiwa hati za kumtaka Bennett alipe New York. Karatasi ikapanda meli kuelekea Marekani, vitambaa vikavuka kwenda Bagamoyo.

Nimeisoma habari hii kwa miaka miwili nikiandika tasnifu yangu ya uzamili kuhusu biashara ya misafara. Mwaka huu nimeisoma upya kwa sababu nyingine. Nimepata mkataba wa mwaka mmoja wa usaidizi wa utafiti katika chuo kimoja nchini Ujerumani, na kabla ya kuondoka nilitaka kupata kadi ya mkopo kutoka benki ya hapa nyumbani. Benki yangu, ambayo inanijua tangu nikiwa na miaka 18, ilikataa. Ndipo nikaanza kujiuliza: Stanley aliaminiwaje na watu ambao hawakuwahi kumwona, akiwa hana fedha, na anakwenda mahali ambapo wangeshindwa kumfuata?

Jibu fupi ni kwamba hakuaminiwa yeye. Aliaminiwa Webb, ambaye duka lake, ofisi yake na jina lake vilikuwa palepale mjini. Jibu refu ni historia ya jinsi Webb alivyogeuka kuwa jalada, na jalada likageuka kuwa kadi, na kwa nini baadhi yetu tulibaki bila hata kimoja.

Waswahili tuna neno la jambo hili: mali kauli. Machinga wa Kariakoo huchukua pea kumi za viatu asubuhi kwa mwenye duka bila kutoa hata shilingi. Jioni anarudi na fedha, au anarudi na viatu. Hakuna fomu. Lakini tusidanganyike na neno "kauli", kana kwamba ni maneno matupu. Mwenye duka anamjua aliyemleta kijana yule, anajua anapoishi, na anajua kwamba akitoroka, kesho hakuna duka lingine mtaa mzima litakalompa mzigo.

Biashara ya misafara ya karne ya 19 ilikuwa mali kauli ya masafa marefu. Nyumba ya Jairam Shivji, iliyokusanya ushuru wa forodha Zanzibar kwa miaka mingi, na wakala wake Ludha Damji, walitoa bidhaa na fedha kwa wafanyabiashara wa bara. Taria Topan, tajiri wa Kikhoja, alikuwa mfadhili mkubwa wa Hamed bin Muhammed, ambaye wengi tunamjua kwa jina la Tippu Tip. Katika maisha yake aliyoyaandika mwenyewe kwa Kiswahili, Tippu Tip anaeleza mali aliyoichukua kwa wafanyabiashara wa Kihindi kabla ya kuelekea bara. Miaka ilipita kabla ya wenye mali kuona pembe za kwanza.

Fedha nazo zilisafiri kwa karatasi za watu wanaojuana. Neno letu "hundi", ambalo leo ni la benki, lilikuja na wafanyabiashara hao wa Kihindi. Hundi ilikuwa barua: mfanyabiashara wa mji mmoja anamwagiza mwenzake wa mji mwingine amlipe fulani kiasi fulani. Mtu aliyetoka Zanzibar kwenda Bombay hakuhitaji kubeba sanduku la fedha baharini. Alibeba barua ya mtu ambaye ndugu zake walikuwa Bombay.

Sisemi haya kwa kutamani zama zile zirudi. Mkopo wa misafara ulilipwa kwa pembe za ndovu na kwa binadamu waliouzwa, na sehemu kubwa ya bara ililipa deni ambalo haikukopa. Tena imani yenyewe haikuwa imara kama inavyosimuliwa. Livingstone alifika Ujiji Oktoba 1871 akiwa mgonjwa, akitegemea kukuta bidhaa alizotumiwa kutoka Zanzibar kupitia kwa Ludha Damji. Sherif, kiongozi aliyekabidhiwa mzigo, alikuwa ameshauuza. Livingstone alikuwa na jina linalojulikana Ulaya nzima, na bado alikaribia kuwa ombaomba, kwa sababu jina halinunui chakula sokoni Ujiji. Majuma machache baadaye akatokea Stanley na vitambaa vya mkopo.

Kuna watu wengine katika hadithi hii ambao huwa hatuwaangalii kama watu wanaokwenda kazini ugenini, nao ni wapagazi. Mpagazi wa Zanzibar au Bagamoyo aliyeandikishwa kwa safari ndefu alipokea mshahara wa miezi kadhaa kabla ya kuondoka. Hiyo ilikuwa desturi ya pwani, na wakuu wa misafara waliilalamikia sana kwa kuwa wapo waliochukua fedha wakatoroka. Lakini hesabu yake inaeleweka. Familia haiwezi kusubiri mwaka mzima. Anayeondoka ana gharama leo, na mshahara wake uko mbali. Pengo hilo, kati ya siku unayoondoka na siku unayolipwa, ndilo ambalo kila mfumo wa mkopo wa msafiri umejaribu kuliziba.

Wakati pwani yetu ikiziba pengo hilo kwa watu, Marekani ilianza kuliziba kwa majalada. Mwaka 1841 Lewis Tappan alianzisha New York shirika lililokusanya habari za wafanyabiashara wa miji ya mbali: nani analipa, nani mlevi, nani ameoa kwenye mali. Muuzaji wa jumla aliyetaka kumkopesha mgeni hakuhitaji tena kumjua, alinunua maelezo yake. Mwaka 1891 kampuni ya American Express ilianza kutoa hundi za wasafiri. Mkuu wake, J. C. Fargo, alikuwa ametembea Ulaya na barua ya benki yake, na akaona kwamba nje ya miji mikubwa barua ile haikumfaa kitu. Mwaka 1950 ikaja kadi ya Diners Club, na mwaka 1958 Bank of America ikawatumia watu wapatao 60,000 wa mji wa Fresno, California, kadi ambazo hawakuziomba. Kadi ile ndiyo iliyokuja kuitwa Visa.

Ujerumani, ninakokwenda, ilikuwa na njia yake. SCHUFA, taasisi inayotunza rekodi za madeni ya wakazi, ilianzishwa Berlin mwaka 1927, na mizizi yake iko kwenye kampuni ya umeme ya mji huo. Kampuni iliuza vifaa vya umeme kwa malipo ya kidogo kidogo, na tayari ilijua ni wateja gani wanaolipa bili kwa wakati. Habari hiyo ilikuwa mali. Karibu miaka 100 baadaye, mwenye nyumba wa Kijerumani akimpangisha mtu chumba, mara nyingi huomba kwanza karatasi ya SCHUFA.

Jalada lina faida moja kubwa juu ya Webb: halihitaji kukupenda. Lakini lina mpaka. Majalada ya madeni hukaa ndani ya nchi. Mmarekani mwenye rekodi safi ya miaka 20 akihamia Berlin kikazi, rekodi ile haimfuati, naye anaanza upya kama kijana aliyemaliza shule jana. Ndiyo maana wanaohamia kazini nje hushauriwa kuchukua kadi ya nchi yao kabla ya kuondoka, wakati bado wana anwani na mshahara nyumbani. Kadi hiyo ni Webb wa plastiki. Duka la Berlin halinijui na halina haja ya kunijua. Linalipwa na benki yake, benki yake inalipwa na benki yangu kupitia mtandao wa kadi, kisha benki yangu ndiyo inayobaki na kazi ya kunitafuta.

Kwa hiyo swali halipo dukani Berlin. Lipo nyumbani: je, kuna mtu nyumbani aliye tayari kubaki na kazi ya kunitafuta?

Hapa kwetu neno "kadi" liliingia kwa mlango mwingine. Mwaka 1907, katika wilaya ya Wilhelmstal, ambayo leo ni Lushoto, utawala wa Kijerumani uliwagawia wanaume wa Kisambaa kadi zilizowataka wafanye kazi siku 30 kwa mwajiri wa Kizungu katika kila miezi minne. Baadaye, kwenye mashamba ya mkonge chini ya Waingereza, kipande cha siku 30 kilikuwa ndicho hesabu ya maisha ya manamba. Ilikuwa rekodi ya kuaminika kuliko majalada mengi ya Ulaya, kwani kila siku ya kazi iliwekewa alama. Lakini rekodi ile iliandikwa ili kumdai mwenye kadi. Hakuna benki iliyoitazama na kusema: huyu amefanya kazi bila kukosa, tumkopeshe.

Sheria nayo ilihakikisha hivyo. Mwaka 1931 serikali ya Tanganyika ilipitisha sheria ya kuzuia mikopo kwa wenyeji. Asiye mwenyeji akimkopesha mwenyeji bila kibali cha maandishi cha serikali, deni lake halikuweza kudaiwa mahakamani. Kenya ilikuwa na sheria za aina hiyo pia, na ikatunga nyingine mwaka 1948. Sababu iliyotolewa ilikuwa ni kumlinda Mwafrika asizame kwenye madeni. Matokeo yake ni kwamba Mwafrika mwenye kiosko alipomwendea muuzaji wa jumla, sheria ilikuwa imeshamtangaza kuwa mtu asiyekopesheka. Waliokopeshwa walikopeshwa kwa mali kauli, nje ya mahakama na nje ya maandishi. Na kisichoandikwa hakiachi jalada.

Baada ya uhuru tuliibadili benki kabla ya kubadili daftari. Februari 1967, siku moja baada ya Azimio la Arusha kutangazwa, benki za biashara zilitaifishwa na Benki ya Taifa ya Biashara ikaundwa. Tawi la benki lilifika miji ambayo haikuwahi kuwa nalo, na hilo si jambo dogo. Lakini fedha za kigeni ziliongozwa kwa kibali, na kwa kizazi cha wazazi wangu, kadi ya benki ya Tanzania inayolipia hosteli Ulaya ingekuwa hadithi. Sheria ya mabenki ya 1991 na ile ya fedha za kigeni ya 1992 zilifungua mlango. Kanuni za Benki Kuu kuhusu taasisi za taarifa za mikopo zilikuja mwaka 2012. Maana yake, Tanzania ilianza kuandika jalada la mkopaji wa kawaida miaka 171 baada ya Tappan.

Historia hiyo yote ilikaa upande wa pili wa meza nilipokwenda kuomba kadi. Afisa aliyenihudumia alikuwa kijana wa umri wangu, mpole, na hakunidharau. Aliangalia mkataba wangu, akahesabu mshahara kwa shilingi, akatabasamu.

"Dada yangu, huu mshahara utapitia benki gani?"

"Ya kule. Ndivyo wanavyotaka."

"Sasa sisi tutakukata wapi?"

Swali lilikuwa sahihi kabisa. Kadi ya mkopo hapa kwetu kwa kawaida inasimama juu ya mshahara unaopita katika benki hiyohiyo: barua ya mwajiri, hati za mishahara za miezi kadhaa, kitambulisho cha taifa. Mimi nilikuwa na posho ya masomo iliyoingia kwa vipindi, na mwajiri aliye Ujerumani. Kadri kazi yangu ilivyokuwa nzuri ndivyo nilivyokuwa mbali na mkono wa benki. Wahenga walisema asiyekuwepo na lake halipo. Benki imelifanya kuwa sera.

Unaweza kuuliza kwa nini nisitumie kadi ya kawaida ya kutolea fedha, ambayo nayo ina nembo ya Visa. Ninayo, na nitaitumia. Lakini kadi hiyo haivuki salio, na salio langu lina kazi nyingine. Sheria ya Ujerumani inamruhusu mwenye nyumba kudai amana ya hadi kodi ya miezi mitatu, ingawa mpangaji anaweza kuilipa kwa mafungu matatu. Kujiandikisha serikalini kunahitaji karatasi ya mwenye nyumba. Benki nyingi hutaka karatasi ya kujiandikisha kabla ya kufungua akaunti. Mwajiri anahitaji akaunti ili alipe mshahara, na mshahara huja mwisho wa mwezi. Mzunguko huu una majuma kadhaa ambayo mtu anakula, anapanda treni na kulala hosteli bila kuingiza kitu. Fedha taslimu ni za chumba. Kadi ni ya majuma hayo. Ni lile pengo la mpagazi, ila mpagazi alilipwa kabla.

Afisa alinipa njia ya pili. Weka fedha benki kwenye akaunti ya muda maalumu, zifungwe, nasi tutakupa kadi yenye kikomo cha asilimia 80 ya ulichoweka. Yaani nijikopeshe mwenyewe, kwa riba. Nilicheka, naye akacheka. Lakini mtu asiye na jalada wala Webb ndicho anachobakiwa nacho: anaacha kitu. Kiswahili kimeweka maana zote mbili katika neno moja, kwani amana ni fedha uliyoiweka, na amana ni kile unachoaminiwa kukitunza.

Nilikuwa na akiba ya shilingi 1,200,000. Haikutosha. Nikampigia mama Morogoro, na baada ya shikamoo na habari za nyumbani nikamweleza.

"Kwa hiyo wanataka fedha kwa kuwa hawana mtu wa kumshika?"

"Ndiyo, mama."

"Sawa. Subiri Alhamisi."

Alhamisi ndiyo siku ya VICOBA yao. Mfumo huo una asili yake Niger, ambako mwaka 1991 shirika la CARE lilianza kufanya kazi na vikundi vya wanawake vya kuweka na kukopa, na kutoka huko ukasambaa Afrika hadi kwetu. Kikundi cha mama kina wanachama 25, sanduku la chuma lenye kufuli tatu, na funguo zake hukaa kwa watu watatu tofauti. Mwanachama anaweza kukopa hadi mara tatu ya hisa zake. Hisa za mama ni shilingi 600,000. Aliomba 1,800,000, na kama taratibu zinavyotaka, wenzake wanne wa kundi lake dogo la watu watano walitia saini. Mama akishindwa kurejesha, wanakatwa wao. Mmoja anauza vitenge, mmoja anakaanga maandazi, wawili ni walimu wastaafu. Hakuna aliyeuliza kuhusu Ujerumani. Waliuliza kama mimi ni yule aliyekuwa akija likizo kuwasaidia kuandika daftari.

Kwa hiyo shilingi 3,000,000 zimefungwa benki, nami nina kadi yenye kikomo cha shilingi 2,400,000. Jina langu liko mbele yake, na nembo ya benki iko juu. Mhudumu wa hosteli ataipokea kwa sababu ya benki, na benki imeitoa kwa sababu ya fedha zilizotoka kwenye lile sanduku la Morogoro. Kama mwanafunzi wa historia siwezi kuacha kuona mpangilio huo. Nyuma ya Stanley alikuwepo Webb, na nyuma ya Webb walikuwepo wenye maduka waliotoa vitambaa bila kuona fedha. Vitabu vinamkumbuka wa mbele.

Marejesho ya kwanza ya mama yanaanza kabla sijapokea mshahara wa kwanza, hivyo nimemwachia fedha za miezi miwili. Ya tatu nitatuma mwenyewe kwa simu. Nikichelewa, benki haitajua, kwa sababu yeye ameshajilinda. Watakaojua ni wanawake wanne, Alhamisi, mbele ya wenzao 20.

Kabla ya kuondoka nilipitia daftari la kikundi, kwa mazoea tu ya mtu anayesoma nyaraka. Mama yumo kwa miaka tisa. Amekopa mara 14 na kurejesha mara 14, tarehe zote zimeandikwa kwa wino wa bluu. Daftari lenyewe ni la kawaida, la jalada gumu, na pembe zake zimelika. Nilimuuliza mweka hazina kama kuna benki imewahi kuomba kuliona.

"Hapana, mwanangu," alisema. "Waombe ili iweje?"